Ukikaribia kasi ya nuru rangi hubadilika kweli, ila si kama tunavyosimuliwa

#1 Kimondo

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mara mada hii ikiguswa, maelezo huwa yale yale: kitu kikija kwako kwa kasi kubwa mno kinageuka buluu, kikikukimbia kinageuka chekundu. Yana ukweli ndani yake, lakini yakiishia hapo yanapotosha, na mimi mada hii naipenda mno kuiacha njiani. Swali langu ni moja: jicho la mtu lingeona rangi gani hasa?

Tuanze na palipo pepesi, mwanga wa rangi moja tupu. Taa ya sodiamu ya shinikizo dogo hutoa karibu mwanga wake wote unaoonekana kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, ile njano nzito inayoelekea rangi ya machungwa. Jicho huona kuanzia kama nanomita 380, kwenye urujuani, hadi kama 750, mwisho wa nyekundu. Sasa ifunge taa hiyo kwenye chombo kinachokuja moja kwa moja kwako kwa asilimia 10 ya kasi ya nuru, yaani kilomita 30,000 kwa sekunde. Wimbi litakalokufikia litakuwa la nanomita 533: kijani. Chombo kikishakupita kikaenda zake, taa ileile itakuonyesha nanomita 651: nyekundu. Kwenye asilimia 20, ikija ni buluu (481), ikienda ni nyekundu nzito ya ukingoni mwa macho (721). Kwenye asilimia 30, ikija ni urujuani (432), ikienda ni nanomita 803, na hiyo tayari ni infraredi, mwanga usioonekana ulio nje ya nyekundu. Mwanga ule umetoka machoni.

Anayetaka kujihesabia afanye hivi. Iandike kasi kama sehemu ya kasi ya nuru. Ijumlishe na 1, kisha ligawanye jibu kwa kile unachopata ukitoa kasi hiyo kwenye 1, halafu tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Namba hiyo nitaiita D katika uzi huu wote. Kitu kikija, urefu wa wimbi unagawanywa kwa D. Kikienda, unazidishwa kwa D.

Kwa nini hatuyaoni haya kila siku? Chombo chenye kasi kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa na binadamu, Parker Solar Probe, kilipita karibu na Jua Desemba 2024 kwa kilomita 192 hivi kwa sekunde. Taa yetu ya sodiamu ikifungwa humo ingehama kwa chini ya nanomita 0.4. Jicho, hata pale lilipo kali zaidi, kwenye njano, hutofautisha kama nanomita 1. Kwa hiyo unahitaji kama kilomita 500 kwa sekunde ndipo uanze kuhisi tofauti, tena ukiwa na taa mbili kando kwa kando za kulinganisha.

Sasa kiini cha ninachotaka kusema. Jua si taa ya sodiamu. Linatoa mkanda mzima wa mawimbi, kuanzia urujuanimno (mwanga usioonekana ulio nje ya urujuani) hadi ndani kabisa ya infraredi. Jicho ni kama dirisha dogo, na nje ya dirisha kuna kitambaa kirefu cha rangi kilichonyooshwa. Mwendo hukivuta kitambaa chote. Rangi moja ikitoka upande huu, nyingine iliyokuwa imejificha inaingia upande wa pili. Ndiyo maana Jua likija kwako kwa nusu ya kasi ya nuru haliwi kijani, wala haliwi la urujuani.

Linakuwa nini basi? Fizikia hapa imenyooka kwa namna inayonifurahisha kila ninapoirudia. Kitu kinachong'aa kwa sababu ya joto lake, mwendo ukikisogeza, bado kinaonekana kama kitu kinachong'aa kwa joto, ila halijoto yake inayoonekana inazidishwa kwa D kikija, au inagawanywa kwa D kikienda. Uso wa Jua una Kelvini 5,772 (Kelvini ni kipimo cha halijoto). Kwa nusu ya kasi ya nuru D ni 1.732. Likija, utaona Jua la Kelvini 10,000 hivi, nyeupe ya kibuluu, karibu sawa kabisa na rangi ya nyota Shira (Sirius). Likienda, utaona la Kelvini 3,300, rangi ya machungwa inayokaribiana na ile ya nyota Ibuti la Jauza (Betelgeuse). Na hata ukiongeza kasi bila kikomo, upande wa mbele unaishia kwenye buluu iliyopauka. Haipiti hapo, kwa sababu kitu chenye joto lisilo na mwisho bado hutoa rangi zote zinazoonekana, buluu ikizidi tu.

Mwanafizikia Christian Doppler alipotoa Prague mwaka 1842 kanuni yake kwamba mwendo huhamisha mawimbi, mada yake ilikuwa hii hii: rangi za nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana. Aliamini nyota kwa asili ni nyeupe, na kwamba zile tunazoziona nyekundu au buluu zimepakwa rangi na mwendo wake. Kanuni yake ilikuwa sahihi, ila haikuwa sababu ya rangi za nyota: nyota nyekundu ni baridi zaidi, ya buluu ni ya moto zaidi. Mwaka 1848 Hippolyte Fizeau alionyesha pa kutazama, ile mistari myembamba iliyomo ndani ya spektra (mkanda wa nuru iliyotawanywa kwa rangi zake), maana mstari una mahali pake na ukihama unajulikana. William Huggins akaitumia mwaka 1868 kuipima Shira. Tangu hapo elimu ya anga husoma mwendo kwenye mistari. Rangi ya jumla pekee haitoshi, kwani nyota ya Kelvini 10,000 iliyotulia na Jua linalokuja kwa nusu ya kasi ya nuru yangefanana machoni.

Karibuni.

#2 BintiSayari

Mkuu Kimondo, asante kwa uzi. Nina jambo linanikwama. Tunafundishwa kwamba kasi ya nuru ni ileile kwa kila mtu, awe anakimbia au amesimama. Kama nuru inanifikia kwa kasi ileile, nini basi kinachobadilika hata rangi igeuke?

#3 Kimondo

BintiSayari, swali zuri mno, na jibu lake ndilo mlango wa mada yote.

Kasi haibadiliki, kinachobadilika ni nafasi kati ya wimbi na wimbi. Chombo kinatoa kilele cha wimbi, kisha kinakifuata nyuma. Kinapotoa kilele cha pili kimeshasogea mbele kidogo, kwa hiyo vilele viwili vinasafiri vikiwa vimekaribiana kuliko ambavyo vingekuwa chombo kikiwa kimetulia. Vyote vinakuja kwako kwa kasi ileile ya nuru, lakini vinakugonga kwa haraka zaidi, kimoja baada ya kingine. Na jicho husoma rangi kutokana na uharaka huo wa kugonga.

Kwa sauti hadithi inaishia hapa. Mwaka 1845 mwanasayansi Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni huko Uholanzi, wanamuziki wengine wakasimama kando ya reli wakisikiliza, na noti ikasikika juu treni ikija, chini ikienda. Kwa nuru kuna tabaka la pili, alilolileta Einstein mwaka 1905: saa ya kitu kinachokimbia, ukiipima wewe uliyetulia, inakwenda polepole. Atomu za sodiamu ndani ya chombo ni saa, zinatetemeka kwa mpigo wake, na mpigo huo kwako umepungua.

Angalia mfano wetu wa asilimia 10. Kwa hesabu ya kukaribiana kwa vilele peke yake, 589 mara 0.9 ni 530. Saa kupungua kunaongeza urefu wa wimbi kwa nusu asilimia, tunafika 533. Tofauti ni nanomita 3 tu, lakini ipo. Kwenye asilimia 90 ya kasi ya nuru, kupungua kwa saa peke yake kunarefusha wimbi mara 2.3, hapo huwezi kukuacha nje ya hesabu.

#4 Fundi_Lenzi

Mimi nafanya kazi na vioo na taa, kwa hiyo naomba tuje kwenye ule mfano maarufu: dereva anayekimbia hadi taa nyekundu ya barabarani ikaonekana kijani. Je, inawezekana kweli, na ni kasi gani?

#5 Kimondo

Fundi, kwa taa za kisasa za LED hesabu ni safi. Chukua nyekundu ya nanomita 630 na kijani ya nanomita 525. D inayohitajika ni 1.2 kamili, na kasi yake ni asilimia 18 ya kasi ya nuru, kilomita 54,000 kwa sekunde. Mwendo huo unaizunguka Dunia yote kwenye ikweta zaidi ya mara moja kila sekunde.

Lakini nadhani wewe kwa kazi yako utaona tatizo kabla yangu. Taa za zamani zilikuwa na balbu ya waya wa moto nyuma ya kioo chekundu. Kioo kile hufanya nini hasa?

#6 Fundi_Lenzi

Kinazuia kila kitu kilicho chini ya kama nanomita 600 na kuachia kilicho juu yake. Si nyekundu tu, hata infraredi inapita bila shida. Na balbu ya waya ndiyo hutoa infraredi nyingi kuliko mwanga wenyewe.

Ahaa, nimeshaona unapoelekea. Nikikimbilia taa hiyo kwa D ya 1.2, ukingo wa nanomita 600 unahamia 500. Kuanzia 500 hadi mwisho wa nyekundu kote kumejaa: kijani kipo, njano ipo, machungwa ipo, na nyekundu ipo pia, ila hii sasa ni ile iliyokuwa infraredi. Kijani na nyekundu zikichanganyika bila buluu, jicho linaona njano.

#7 Kimondo

Ndivyo hasa, fundi. Kasi ileile, taa mbili zinazoonekana nyekundu sawasawa ukiwa umesimama, na dereva anaona moja kijani na nyingine njano. Kwa hiyo swali la "nyekundu inageuka rangi gani" halina jibu mpaka uambiwe nyekundu hiyo imeundwa na nini, pamoja na sehemu usizoziona.

Jani la mti ni mfano ninaoupenda hata zaidi. Tunaliona kijani, lakini kuanzia nanomita 700 kwenda juu jani huakisi mwanga kwa nguvu sana, mara nyingi kuliko linavyoakisi kijani chenyewe. Macho yetu hayana habari. Mti ulio kwenye mwanga wa jua ukija kwako kwa asilimia 32 ya kasi ya nuru, D ni 1.4, na eneo la nanomita 700 hadi 1,050 linaingia kati ya 500 na 750. Majani yangewaka njano angavu. Mti huohuo ukienda, kijani chake kinahamia ukingoni mwa nyekundu, na nafasi iliyoachwa inajazwa na buluu na urujuanimno, ambazo jani huakisi kidogo mno. Ungeuona umekaribia kuwa mweusi.

#8 Mzee wa Sumaku

Vijana, nimesoma kwa furaha. Mmezungumzia vyombo na miti inayokimbia, vitu ambavyo hakuna aliyeviona. Nataka niwaletee tukio ambalo macho ya watu yaliona kweli nuru ikibadilika rangi kwa sababu ya kasi, hapa hapa duniani.

Tarehe 24 Aprili 1947, kwenye maabara ya General Electric huko Schenectady, Marekani, walikuwa wakiendesha mashine ya kuzungusha elektroni kwa nguvu ya voltielektroni (kipimo cha nishati ya chembe) milioni 70. Elektroni ya namna hiyo hukimbia kwa 0.99997 ya kasi ya nuru. Bomba la mashine lilikuwa la kioo kinachopitisha mwanga, na fundi mmoja alipochungulia kwa kutumia kioo cha kujitazamia kilichowekwa nyuma ya ukuta wa kinga, akaona nuru kali ikitoka ndani ya bomba. Mwanzoni walidhani kuna hitilafu ya umeme. Haikuwa hitilafu. Ilikuwa ni elektroni zenyewe zikitoa nuru kila zinapopindishwa na sumaku.

Sasa sikilizeni. Elektroni zile zilikuwa zikizunguka zaidi ya mara milioni 100 kwa sekunde. Kitu chenye chaji kinachozunguka hivyo, kwa hesabu ya mwendo wa kawaida, kingetoa mawimbi ya redio, yenye urefu wa mita nzima. Lakini kwa kuwa zinakimbia karibu sawa na nuru zinayoitoa, vilele vinabanana mbele yake kwa kiasi kisichosemeka, na kinachotoka ni mwanga wa kuonekana. Nguvu ikiwa ya juu, nuru ilikuwa nyeupe ya kibuluu. Walipoipunguza ikageuka njano, wakaipunguza tena ikawa nyekundu na hafifu, kisha ikapotea. Mtu aliyesimama pale aliona rangi zikifuatana kwa kupunguza kasi ya elektroni kwa sehemu ndogo tu ya asilimia. Pale juu karibu na mwisho, punje ndogo ya kasi ina uzito mkubwa.

Leo nuru hiyo tunaizalisha kwa makusudi. Kwenye vichapuzi (mashine za kuharakisha chembe) vya kisasa tunapitisha elektroni katikati ya safu ya sumaku zinazopishana kaskazini na kusini, mpishano mmoja kila sentimita 2 hivi. Elektroni ya voltielektroni bilioni 3 inaona safu hiyo imefupishwa kama mara 5,900, kwa hiyo sentimita 2 zinakuwa mikromita 3.4: kwa upande wa elektroni, nuru inayotoa ni infraredi tu. Halafu kwetu sisi tuliosimama mbele yake, Doppler anaigawanya tena kwa kama 11,700. Tunapokea nanomita 0.29. Hiyo ni mionzi ya eksirei, inayofaa kabisa kupima mpangilio wa atomu ndani ya protini.

#9 BintiSayari

Mzee, shikamoo. Hili la 1947 sikuwahi kulisikia, limenipa picha kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Ila hawakuona kwa macho mubashara? Kwa nini kioo?

#10 Mzee wa Sumaku

Marahaba binti yangu. Ni kwa sababu ya usalama. Mashine ile hutoa mionzi hatari ikiwa kazini, ndiyo maana kulikuwa na ukuta wa zege kati ya watu na mashine. Nuru ya kuonekana inaakisiwa na kioo na kupinda kona ya ukuta. Eksirei na mionzi mingine haziakisiki hivyo, zinaishia ukutani.

#11 Zohali77

Naomba kuuliza kuhusu galaksi. Huwa tunasoma kwamba galaksi za mbali ni "nyekundu" kwa sababu zinatukimbia. Ni kitu kilekile mnachokizungumzia?

#12 Kimondo

Zohali77, vinafanana kwenye kipimo, vinatofautiana kwenye sababu. Galaksi za mbali hazichomoki ndani ya anga kama chombo chenye injini. Anga lenyewe limetanuka wakati nuru iko safarini, na wimbi limetanuliwa nalo. Ndiyo maana ile hesabu yangu ya D haifai kwa galaksi za mbali sana. Ukiitumia utapata kasi isiyo na maana. Kwa galaksi ya jirani yetu Andromeda inafaa: Vesto Slipher aliipima mwaka 1912 akakuta inatujia kwa kama kilomita 300 kwa sekunde. Jicho lisingeona tofauti yoyote, ila mistari ilisema.

Na hata huko mbali "nyekundu" si neno la kuamini haraka. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua mistari ya hidrojeni kwenye spektra ya 3C 273, kitu kilichokuwa kinaonekana kama nyota tu. Mistari yote ilikuwa imesogea kwa asilimia 15.8. Mstari wa nanomita 486, ulio kati ya buluu na kijani, ulikuwa umefika 563, kwenye njano ya kijani. Lakini kitu chenyewe ukikitazama kwa darubini si chekundu! Ni cheupe cha kibuluu. Kitu hicho ni kwasa, yaani kiini cha galaksi ya mbali king'aacho mno, na kwasa hutoa urujuanimno mwingi kupita kiasi, na ukitanuliwa ndio huo unaoingia machoni kuziba pengo. Kitambaa kimevutwa, ila kilikuwa kirefu.

Kwa galaksi za mbali zaidi zilizopimwa na darubini ya James Webb, mawimbi yametanuliwa kama mara 15. Mstari wa hidrojeni wa nanomita 121.6, ulio ndani sana ya urujuanimno, unafika ukiwa karibu nanomita 1,800. Ndiyo maana darubini ile ilijengwa kwa ajili ya infraredi.

#13 BintiSayari

Swali langu la mwisho kwa leo, au pengine si la mwisho. Mmesema "ikija" na "ikienda". Na ikipita ubavuni? Haiji wala haiendi. Rangi inabaki?

#14 Kimondo

Kwa sauti ingebaki. Kwa nuru haibaki, na hili ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika fizikia yote.

Nuru inayokufikia kutoka moja kwa moja ubavuni inakuja ikiwa imeelekea nyekundu kidogo, kwa sababu vilele havikubanwa wala havikutanuliwa na mwendo, lakini saa ya atomu bado inakwenda polepole. Taa ya sodiamu kwa asilimia 10: nanomita 592 badala ya 589. Herbert Ives na G. R. Stilwell walilithibitisha jambo hili mwaka 1938 kwa hidrojeni iliyorushwa kwa kasi ya chini ya asilimia 1 ya kasi ya nuru. Waliilinganisha nuru inayokuja mbele na ile inayotoka nyuma, iliyorudishwa na kioo. Kama saa isingepungua, wastani wa mistari hiyo miwili ungeangukia palepale pa mwanzo. Haukuangukia pale. Ulikuwa umehama kuelekea nyekundu, kwa kiasi kilichotabiriwa.

Angani mfano ni SS 433, mfumo wa nyota pacha katika kundinyota la Ukabu (Aquila). Hurusha mikondo miwili ya gesi pande mbili zilizo kinyume, kwa asilimia 26 ya kasi ya nuru, na mikondo hiyo huzunguka polepole, mzunguko mmoja kwa kama siku 162. Mstari mwekundu wa hidrojeni, nanomita 656, unaonekana mara mbili, mmoja ukiwa umehamia upande wa buluu na mwingine kwenda infraredi, kisha inabadilishana. Na kuna wakati mikondo yote miwili inalala ubavuni kwetu. Mistari miwili inakutana, lakini haikutani kwenye 656. Inakutana kama kwenye 680. Zile nanomita 24 ni saa za atomu zikienda polepole, zimeandikwa angani kwa mtu yeyote mwenye darubini na kifaa cha kutawanya nuru.

#15 Msafiri_wa_Nuru

Sasa nigeuzeni mimi niwe ndani ya chombo. Naenda kwa 0.9 ya kasi ya nuru kati ya nyota. Nikichungulia dirishani naona nini? Nimesoma mahali kwamba kuna pete ya upinde wa mvua mbele.

#16 Kimondo

Wazo la pete lilitoka kwa mhandisi Eugen Sänger. Ukizichukua nyota kuwa za rangi moja, hesabu inatoa pete: urujuani karibu na mbele, nyekundu kwa nje. Mwaka 1979 McKinley na Doherty waliihesabu upya wakitumia mikanda halisi ya nyota, na pete ikatoweka. Ni jambo lilelile la kitambaa.

Utakachoona ni hiki. Kwanza nyota zote zimehamia mbele. Nyota iliyokuwa ubavuni mwako kabisa, nyuzi 90, sasa iko nyuzi 26 tu kutoka mbele. Nusu nzima ya anga imejikusanya ndani ya duara hilo. Pili, mbele kabisa D ni 4.36, kwa hiyo nyota kama Jua inaonekana ya Kelvini 25,000, na nyota nyekundu ndogo ya Kelvini 3,000, ambayo ukiwa umetulia usingeiona bila darubini, inakuwa ya kibuluu ya Kelvini 13,000 na kujitokeza. Kila nyota ya mbele inakuletea nishati mara 19 ya kawaida, sehemu kubwa ikiwa urujuanimno usioonekana. Ukigeuka nyuma, Jua uliloliacha lina Kelvini 1,300, wekundu hafifu, na nyota chache zilizobaki huko zimetawanyika mbalimbali. Mstari ambapo rangi haibadiliki hauko ubavuni, uko nyuzi 51 kutoka mbele. Kwa hiyo sehemu kubwa ya anga lako ni ya kuelekea wekundu na giza, na buluu yote imebanwa mbele.

Ongeza kasi hadi 0.999998. Hapo hata ile mionzi ya masalia ya ulimwengu mchanga, iliyopoa hadi Kelvini 2.7 na kuwa mikrowevu, inapanda hadi Kelvini 2,700, na mbele yako kabisa kunatokea doa dogo kuliko Mwezi uonekanavyo, la rangi ya balbu ya waya. Hilo si la kubuni kwa asili yake: hata sasa mfumo wetu wa Jua unakwenda kwa kama kilomita 370 kwa sekunde ukilinganishwa na mionzi hiyo, na upande wa kundinyota la Simba imepimwa kuwa ya moto zaidi kwa Kelvini 0.0034 hivi.

#17 BintiSayari

Nimejaribu hesabu mwenyewe. Taa ya sodiamu, nusu ya kasi ya nuru, D 1.732. Ikija: 589 gawanya kwa 1.732 ni nanomita 340, urujuanimno. Ikienda: nanomita 1,020, infraredi. Kwa hiyo haionekani kabisa, iwe inakuja au inakwenda?

#18 Fundi_Lenzi

Dada, hesabu yako ni sahihi kwa mstari wa 589. Lakini taa za sodiamu nimezipima, zina mistari mingine. Kuna jozi imara kwenye nanomita 819 hivi, infraredi, hatuioni. Igawe kwa 1.732.

#19 BintiSayari

473. Buluu! Kwa hiyo taa ikija mstari huo ungeonekana buluu, na mwanga huo ungekuwa ni ule ambao kwa kawaida hakuna anayeuona.

#20 Kimondo

Naam. Na ikienda, sodiamu ina mstari dhaifu kwenye nanomita 330, urujuanimno. Uzidishe kwa 1.732 unapata 572. Kama kioo cha taa kinaupitisha urujuanimno huo, taa inayokukimbia kwa kilomita 150,000 kwa sekunde ingeonekana hafifu sana, na ya njano.